Kondoo Waliosahau Majani

Makande yalirudi mazima. Namsifu aliinama sakafuni na kitambaa mkononi, lakini badala ya kufuta akaanza kuyageuza maharage kwa ncha ya kijiti, moja moja, kama mtu anayetafuta hereni iliyodondoka. Hayakuwa yamepasuka hata ngozi. Mahindi nayo yaling'aa vilevile. Yalikuwa yamelala tumboni mwa mtoto tangu jana mchana, na tumbo halikuyagusa.

Eliwaza alikaa kitandani akijifuta mdomo kwa kanga ya bibi yake. Alikuwa na miaka saba, na mikono yake ilikuwa imekonda hadi bangili ya shanga inapanda mpaka kwenye kiwiko. Hakulia. Angelia, mama yake angejua la kufanya, maana mtoto anayelia anabembelezwa. Huyu alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa:

"Mama, nipe chenga."

Kwenye kigoda cha pembeni, mama mkwe wake Namsifu, Bibi Nakundwa, aligeuza uso kuelekea ukutani. Masikio yake yalikuwa yamekufa siku nyingi, lakini neno hilo alikuwa amejifunza kulisoma midomoni mwa mjukuu wake.

Namsifu akatoka, akaenda zizini, akafunua turubai. Gunia lilikuwa na picha ya kondoo mnene anayecheka, na chini ya picha maneno ambayo yeye, kwa darasa lake la saba, aliyasoma vizuri tangu siku ya kwanza: chakula cha mifugo tu. Akachota konzi mbili. Chenga zilikuwa za kijivu, ndogo kama mchele uliovunjika, zikinuka dagaa waliosahauliwa juani. Jikoni alizilowesha kwa maji ya vuguvugu, akatia sukari, akakoroga kwa mwiko uleule wa uji, ili angalau mkono wake udanganyike kwamba unapika uji.

Mtoto alikula bakuli zima. Kabla hajalimaliza, midomo ilishaanza kupata rangi, macho yakachangamka, akaomba ruhusa ya kwenda kucheza. Hicho ndicho kilichomtisha Namsifu kuliko matapishi. Mwanawe alikuwa ameshiba chakula cha kondoo, na alikuwa ameshiba kwa furaha.

*

Watu wa Vugama hawakuwa wajinga, na walioleta chenga walikuja mchana kweupe, wakahutubia mbele ya kanisa. Wakati huo mvua za vuli zilikuwa zimeshakuwa hadithi ya wakubwa. Majani ya mlimani yalikwisha, yakabaki magugu ya miiba ambayo hata mbuzi anayanusa na kuondoka. Mashudu ya pamba na alizeti, ambayo zamani yalikuwa chakula cha mifugo, yalikuwa yakipelekwa mijini kuliwa na watu. Kondoo wakawa wanakufa wamesimama, wameegemeana.

Ndipo Kampuni ya Shibempya ikapandisha gari lake la kwanza. Wenyewe walieleza bila kuficha kwamba huko tambarare wana mabanda marefu ambamo nzi wanatagia kwenye taka za mji, funza wanavunwa, wanakaushwa, wanasagwa. Protini ndiyo hiyo. Baadhi ya kina mama walitema mate chini. Mzee mmoja akasimama akauliza kama jogoo wake, aliyekula funza maisha yake yote, naye ana dhambi. Watu wakacheka, na gunia la kwanza likafunguliwa.

Lililoelezwa upesi upesi mwishoni, wakati watu wanagombania magunia, ni habari ya chachu. Tumbo la kwanza la kondoo, lile kubwa, ni kama mtungi wa togwa. Ndani yake wanaishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na hao ndio wanaovunjavunja majani. Kondoo mwenyewe hawezi. Lakini wadudu hao hawakuuweza unga wa funza. Uliwapa kondoo gesi, ukawaharisha. Basi wataalamu wakatengeneza chachu hai maabara, wakaichanganya kwenye chenga. Chachu ikaingia tumboni, ikawafukuza wenyeji, ikakaa yenyewe, ikaugeuza ule unga kuwa nyama. Kondoo wakanenepa, mikia ikajaa mafuta hadi inagonga magoti. Watu walishukuru Mungu, na hakuna anayeweza kuwalaumu.

Mwanzoni kondoo walichanganyiwa chenga na majani makavu, wakaendelea kucheua kama kawaida. Majani yalipokwisha kabisa, mmoja mmoja wakaacha. Aliyeokotewa majani mabichi bondeni aliyala kwa uroho, akafura, akafa. Walipompasua walikuta majani yamejaa tumboni, mabichi, yana harufu ya shambani. Hakukuwa tena na wa kuyavunja.

Hapo ndipo penye kazi ya Namsifu. Watu wa Vugama wanashika Sabato, na wanashika sheria ya mnyama safi: awe na kwato iliyopasuka, na awe anacheua. Kwato kila mtu anaiona. Kucheua kwao kulihitaji sikio. Kabla kondoo hajachinjwa kwa shughuli ya watu wengi, mwanamke aliyechaguliwa hupiga magoti, huweka sikio kwenye shingo ya mnyama na kiganja ubavuni, kisha hungoja. Tonge linapanda, analisikia likipita shingoni. Mnyama anatafuna. Tonge linashuka. Akisharidhika anasimama na kusema neno moja tu: anacheua. Wanaume ndio huchukua kisu baada ya hapo, na hata wanunuzi wa Arusha na wa ng'ambo, ndugu wa imani moja, waliinunua nyama ya Vugama kwa sababu ya sikio hilo. Fungu la msikilizaji ni lile tumbo la kwanza, zima, halikatwi.

Bibi Nakundwa alisikiliza miaka na miaka hadi masikio yalipozimika, akamwachia kazi mke wa mwanawe. Na Namsifu, shughuli baada ya shughuli, alibeba tumbo nyumbani, akalikwangua, akalisafisha kwa ndimu, akamchemshia mwanawe supu. Baba wa mtoto alikuwa Tanga viwandani, mwaka wa pili hajapanda mlima. Nyama nyingine ingetoka wapi? Eliwaza aliipenda supu ile hadi akawa analamba sufuria. Kama chachu inakufa kwa kuchemshwa, au haifi, hilo hakuna aliyeuliza na hakuna aliyesema.

*

Alhamisi ya kabla ya makambi, ule mkutano wa kanisa wa kila mwaka, Bwana Ngimba alipiga hodi. Alikuwa mtaalamu wa mifugo wa Shibempya, mtu mpole, anayevua mabuti mlangoni hata akiambiwa asivue. Alimwamkia Bibi Nakundwa shikamoo kwa sauti kubwa, bibi akamjibu kwamba ndiyo, baridi imezidi. Kisha akamkuta Eliwaza kibarazani na bakuli lake, akainama kama anayetaka kumtania, akaona kilichomo. Alikaa ameinama vile kwa muda kuliko adabu inavyotaka.

Alikuja, alisema, kumleta kondoo dume wa makambi, zawadi ya kampuni. Na kulikuwa na jambo ambalo ni vizuri msikilizaji alijue mapema, lisimshtue mbele za watu. Kondoo huyu amemezeshwa kicheuzi. Ni kidude cha mpira, ukubwa wa limau. Kinakaa tumboni, kinaamsha mshipa unaoendesha taya.

"Taya linacheza vizuri tu," Bwana Ngimba akasema. "Huwezi kujua."

"Na tonge?"

"Tonge halipo, mama. Utasikia taya."

"Mimi sisikilizi taya."

Bwana Ngimba hakubishana. Akatazama soksi zake.

Namsifu akamuuliza habari ya mtoto, moja kwa moja, kwa sababu alishaona macho yake juu ya bakuli. Naye, lazima isemwe kwa haki, hakumdanganya. Akamweleza kwamba chachu ikishakaa haimpishi mwingine. Mtoto aliyelishwa sana tumbo la kondoo, au supu ya utumbo wake, inamhamia, hata kwa maziwa ya mama, na matumbo yake yanalegea, yanaacha kazi, maana yamepata mfanyakazi. Wamejaribu kuiondoa kwa kondoo. Kondoo wote waliotolewa chachu walikufa. Kwa watu hawajajaribu, kwa kuwa hakuna aliyepeleka taarifa.

Namsifu akataka kujua kama anaweza kuweka akiba ya magunia ndani, mengi, hadi juu ya dari. Bwana Ngimba akatikisa kichwa. Chachu ni kitu hai. Gunia likikaa, inakufa, na chenga zinabaki unga wa funza tu, usio na wa kuuvunja. Lazima zije mbichi kutoka kiwandani.

"Sikutishi, mama," akasema akivaa mabuti. "Na mimi ni mzazi. Ila gari linapanda huku kwa sababu kondoo wa huku wananunuliwa. Ukisema kesho kwamba hacheui, wanunuzi watasikia kabla Sabato haijaisha. Gari halitapanda tena. Na huyu mtoto hawezi kungoja."

Alipoondoka, Namsifu alikaa kibarazani na mikono mapajani. Makambi yangekusanya watu wa milima yote ya jirani. Sufuria kubwa ya supu, wa kwanza kupakuliwa ni watoto na wanaonyonyesha. Ndivyo wanavyofanya siku zote, na ni desturi nzuri. Katika wanaonyonyesha alikuwemo shoga yake wa tangu utoto, Mama Zefania, mwenye mtoto wake Zefania na kichanga cha miezi michache. Zamani Mama Zefania alikuwa hamalizi siku bila kuja kukaa jikoni kwa Namsifu, kuchambua mboga na kusema watu. Siku hizi alikuwa haji. Namsifu alidhani ni uchovu wa uzazi.

Alimweleza mama mkwe wake yote, kwa mikono, kwa midomo, na kwa kupaza sauti sikioni hadi koo likauma. Bibi alielewa mapema kuliko alivyotarajia. Akauliza kama hilo gari lisipokuja Eliwaza atakula nini. Bibi akamshika kifundo cha mkono.

"Watoto wa wenzio wana mama zao," akasema. "Huyu ana wewe."

*

Ijumaa asubuhi uwanja wa kanisa ulijaa mahema na moshi wa kuni. Vijana walikuwa wakichimbia nguzo za jukwaa, wakitaniana. Mmoja alimuuliza Namsifu kama leo sikio amelisafisha, mwingine akamwomba amwulize kondoo kama ana salamu zake. Namsifu alicheka, kwa sababu kila mwaka hucheka. Tangu alfajiri alikuwa amelirudia neno lake moyoni. Anacheua. Ni neno dogo. Angelisema, angesimama, angekwenda nyumbani kwa mwanawe.

Mzee Senzia, mzee wa kanisa, alimshika kondoo pembe kwa heshima, kama anayemshika bwana harusi mkono. Namsifu akapiga magoti, akaweka kanga chini ya shavu, sikio shingoni, kiganja ubavuni. Uwanja ukatulia.

Taya lilikuwa linakwenda, sawasawa, bila kupumzika, kama cherehani. Shingo ilikuwa kimya. Alingoja. Hakuna kilichopanda, hakuna kilichoshuka. Chini ya kiganja chake tumbo lilikuwa likitetemeka kidogo kidogo, kama simu iliyofungiwa kwenye mkoba, na nyuma ya mtetemo ule palikuwa na utulivu ambao hajawahi kuusikia ndani ya mnyama mzima. Zamani tumbo la kondoo lilikuwa na kelele kama nyumba yenye watoto. Hili lilikuwa kama nyumba iliyohamwa.

Alifumbua macho ili aseme neno lake. Mbele kabisa, kwenye mkeka wa wanaonyonyesha, Mama Zefania alikuwa ameshakaa na bakuli lake la supu likiwa tupu mapajani. Kichanga kilikuwa kimelala begani, mdomo wazi, na mdomo ule ulikuwa mdogo kiasi kwamba Namsifu alishindwa kuufikiria ukiwa na chenga ndani yake.

"Hacheui," akasema.

Aliyejiandaa kwa makelele hushangazwa na kimya. Hakuna aliyeuliza ana maana gani. Mzee Senzia alikohoa, akasema kwa upole mama asikilize tena, labda upepo. Namsifu akasikiliza tena, akasimama, akasema vilevile. Na kwa kuwa alishaanza, hakuweza kuishia hapo. Akawaambia habari ya kicheuzi. Akawaambia habari ya chachu, na mahali inapohamia. Akawaambia kuhusu maharage yaliyorudi mazima. Akasema, mbele ya watu waliomwimbia siku ya harusi yake, kwamba mwanawe wa kumzaa anakula chakula cha kondoo na sukari, na kwamba yeye mwenyewe ndiye anayemkorogea. Akawaomba wasiwape watoto supu ya leo.

Alitegemea walie, au wamtukane. Watu walitazama chini. Kina mama hasa. Mmoja alianza kumfunga mwanawe kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. Bwana Ngimba alisimama kando ya hema, mikono nyuma. Hakukuwa na haja ya yeye kusema kitu.

Mzee Senzia aliutazama mkusanyiko, akaitazama sufuria kubwa ambayo maji yake yalishachemka. Akasema mama yetu amechoka, ana mgonjwa nyumbani, na mgonjwa anaweza kumfanya mtu asikie asichokisikia. Ingefaa asikilize mwingine. Akauliza kama yupo aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Fimbo ikagonga chini. Bibi Nakundwa alikuwa ameshanyanyuka.

Alipita katikati ya watu, wakimpisha. Hapakuwa na mtu uwanjani hapo asiyejua kwamba bibi huyu ukitaka kumpa pole ya msiba lazima upige kelele mpaka majirani watoke nje. Walimsaidia kupiga magoti. Walimshikia fimbo. Aliweka sikio lake lililokufa kwenye shingo ya kondoo, akafumba macho, na umati wote ukanyamaza ili asisumbuliwe. Namsifu aliona nyuso zao. Walikuwa wanangoja kwa adabu, kama watu kanisani.

"Anacheua," Bibi Nakundwa akasema. "Anacheua vizuri sana."

"Amina," watu wakaitikia, haraka, kwa pamoja, na Mzee Senzia akaita kisu.

*

Namsifu alishuka njia ya nyumbani peke yake. Alikuwa amevuliwa kazi ya usikilizaji bila mtu kuitamka. Alidhani angeona hasira, au aibu, na zote mbili zilikuwepo mahali fulani. Lakini alipofika kwenye kona ya mgomba aligundua kwamba anatembea upesi na kwamba kifua chake ni chepesi. Gari litakuja. Amesema kweli mbele ya watu wote, na mwanawe bado atakula. Alisimama akajaribu kuifukuza ile faraja, ikakataa kutoka. Mama yeyote angeihisi, na hapo ndipo penye hatari yenyewe.

Alasiri, kabla Sabato haijaingia, honi ililia chini ya kanisa. Eliwaza alikuwa ameshaanza kulegea, anasinzia katikati ya maneno, na gunia la zizini lilikuwa limekwisha. Namsifu akachukua ndoo na kutelemka.

Siku za kawaida kwenye gari la chenga hukusanyika wanaume na mikokoteni, wanapiga soga, wanabeba magunia. Leo foleni ilikuwa ya wanawake watupu, na hakukuwa na soga. Hakuna aliyekuja na gunia. Mmoja alikuwa na bakuli lenye kifuniko, mwingine sufuria ndogo iliyofungwa kwa kitambaa, mwingine chupa ya chai. Yule wa kifungo cha shati alikuwepo, na mwanawe amemwegemea mguuni. Namsifu aliwaangalia mmoja mmoja, nao walimwangalia, kisha wakamwachia nafasi kwenye mstari kama anayekaribishwa jamvini.

Mbele yake alisimama Mama Zefania, kichanga mgongoni, hotipoti mikononi. Zizi la Mama Zefania lilishavunjwa likawa kuni mwaka ule kondoo walipokuwa wakifa wamesimama. Hana kondoo hata wa dawa.

"Ungeniambia," Namsifu akasema kwa sauti ya chini.

"Na wewe ungeniambia," Mama Zefania akajibu bila kugeuka. "Leo umesema. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilijua gari halitakuja tena."

Dereva aliyekuwa akipima chenga kwa kopo hakuinua uso. Alikuwa na swali lake la kila siku, kondoo wangapi, ili ajue apime kiasi gani.

"Wawili," Mama Zefania akasema. "Mmoja bado ananyonya."

Dereva akamwambia anayenyonya asagiwe laini, chenga nzima zitamkaba. Akazipitisha kwenye kinu kidogo kilichofungwa ubavuni mwa gari, akamimina unga kwenye hotipoti, akaipangusa ukingo kwa kiganja kama muuza duka mwangalifu. Mama Zefania akafunika, akasogea kando, na hakuondoka. Alikuwa anamngoja shoga yake.

"Wewe, mama? Wangapi?"

Namsifu aliinua ndoo.

"Mmoja," akasema.